Neno Moja kwa Yule wa Rajnagar

Hosteli ya Wasichana, Patna
3 Agosti 1991

Wifi yangu mpendwa,

Nakugusa miguu. Mimi mzima, na naomba Mungu nanyi huko Belahi muwe wazima. Baba naye namgusa miguu kwa heshima hapa hapa, maana najua barua hii ameifungua yeye kwanza, miwani ikiwa imeteremka hadi ncha ya pua. Gudiya mbusu kwa niaba yangu. Kaka ameandika kutoka Jamshedpur? Mimi hajaniandikia tangu Mei.

Huku mvua haikatiki. Mto umepanda hadi ngazi ya tano na nguo zetu hazikauki, tunavaa mbichi. Chakula cha hosteli ni kile kile, dengu nyepesi mpaka unauona uso wako ndani ya bakuli. Lakini nisilalamike, nilikuja kusoma, sikuja kunenepa.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikuandikie. Mtihani wa makarani wa serikali ni tarehe 22 Septemba. Kama ujuavyo, Januari natimiza miaka ishirini na sita, na baada ya hapo hawanipokei tena, hata nikija na ngoma. Hesabu siziogopi. Kinachonitoa jasho ni Kiingereza, na katika Kiingereza kuna maswali ishirini ya aina moja: wanakupa maelezo marefu, wewe unatakiwa utoe neno moja tu linalobeba maelezo yote hayo. Kwa mfano, mtu atembeaye akiwa usingizini, unaandika "somnambulist". Mtu asiyegusa pombe maisha yake yote, "teetotaller". Mwandiko ambao hakuna awezaye kuusoma, "illegible". Mwalimu wetu wa tuisheni anasema serikali inataka watu wasiopoteza wino.

Ninayo mia sita kwenye daftari, nayo yanaingia sikio hili yanatokea lile. Kwa hiyo nina ombi. Nitakuwa nakutumia kumi kumi. Wewe ulimaliza darasa la nane kabla hawajakuleta kwetu, herufi za Kiingereza unazijua. Baada ya siku chache uniandikie maelezo tu, bila maneno, tena uyachanganye, nami nikujibu. Ukinionea huruma utakuwa umeniua.

Wako,
Vibha


Belahi
19 Agosti 1991

Wifi yangu,

Uishi miaka mingi, na mwaka ujao tukuite bibi karani. Hapa sote wazima. Baba Gudiya ameleta barua, anasema joto la kiwandani limempunguza, nami nadhani anataka tu nimtumie samli. Nyati wetu wa maziwa amezaa dume, kwa hiyo furaha yetu ni nusu. Baba mkwe goti linamsumbua ila sauti bado anayo.

Barua yako aliisoma mara mbili kabla ya kunipa. Alimwambia Gudiya, "Mwambie mama yako, shangazi yako anapoteza stempu." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka kwake, nikamwambia Gudiya, "Mwambie babu yako, nimesikia." Ndiyo maisha yetu, mkwe hasemi na baba mkwe ana kwa ana wala hamwonyeshi uso. Mtoto wa miaka minane amekuwa waya wa simu.

Maneno yako nimeyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, juu ya kinu. Nikisukuma mikate nayasema. Juzi jirani yetu mama Lalan alichungulia, akaniita kama wote kwa kijiji nilikotoka, akasema, "We wa Rajnagar, unaongea na ukuta siku hizi?" Nikamwambia ukuta angalau hauendi kusimulia kwa watu.

Lakini nimegundua kwa nini hayakai kichwani mwako. Unayasoma bila kuyapa mtu. Neno lisilo na mtu linapotea. Mimi nimeyagawia wenyewe. Yule atembeaye usingizini ni mjomba Bhola, aliyekutwa alfajiri amelala kwenye zizi la watu amekumbatia ndama. Mwandiko usiosomeka ni wa baba Gudiya, na hapo sisemi zaidi maana barua hii inasomwa. Asiyegusa pombe nimemtafuta kijiji kizima, bado.

Haya, jibu. Kipindi cha wiki mbili. Mnyama alaye kila kitu. Mtu anayetumia mikono yote miwili sawasawa. Mtu aaminiye kwamba kila jambo litaisha vizuri. Usichungulie daftari, nitajua.

Wifi yako


Patna
8 Septemba 1991

Wifi yangu hodari,

Nakugusa miguu tena na tena. Sisi wazima. Mwenzangu wa chumbani alipata homa akapona, tumemaliza mfuko wa pepeta uliotutumia, na mtindi tulinunua. Hongera kwa nyati, dume naye ana mama.

Majibu yangu haya hapa: "fortnight", "omnivorous", "ambidextrous", "optimist". Na wenyewe nimewapa. Alaye kila kitu ni mbuzi wa mama Lalan, aliyekula kalenda yetu hadi mwezi wa Julai. Mikono yote miwili ni wewe, unayekuna magimbi kwa kulia na kumfunga Gudiya nywele kwa kushoto. Aaminiye kwamba mambo yataisha vizuri nimejipa mwenyewe, ingawa kuna siku cheo hicho kinanipwaya.

Na wewe sema kweli. Nimepiga hesabu: katika barua zako zote za miaka minne, hujaandika jina la kaka hata mara moja. Yeye ni baba Gudiya, mwenye nyumba, wa Jamshedpur, yule aliyesahau mwavuli. Ungefeli mtihani huu kwa swali hilo moja!

Masomo yanaendelea vizuri. Zimebaki wiki mbili.

Vibha


Belahi
6 Oktoba 1991

Wifi yangu,

Baraka juu ya kichwa chako. Tunamshukuru Mungu, mpunga umesimama vizuri, na wadudu mwaka huu wametuheshimu. Goti la baba mkwe linapakwa mafuta ya haradali kila jioni. Gudiya kang'oka jino la mbele.

Kuhusu jina la kaka yako, umenicheka bure. Mke akitamka jina la mume anampunguzia siku za kuishi, na mimi huyo mmoja ndiye niliye naye. Mapema mwaka huu karani wa sensa alikuja, akaniuliza, "Mumeo anaitwa nani?" Nikamwonyesha ua la yungiyungi bwawani, maana jina lake linaanzia hapo. Akaandika kwamba mume wangu ni mvuvi.

Mtihani umekwendaje? Hukuandika, na kimya chako kina urefu wake. Hapa sikuulizi kwa nguvu.

Sasa nikupe kituko. Tarehe ishirini na nne mwezi uliopita, mchana, nimemaliza kupakua, naona baba mkwe hali. Amekaa na bakuli mbele yake. Akasema, "Gudiya, mwambie mama yako, mtu anayekusanya stempu anaitwaje kwa Kiingereza?" Miaka thelathini alikuwa karani wa stesheni ya reli, Kiingereza chake kijiji kizima kinakiogopa, hata mleta barua Sukhdev bahasha yoyote yenye utata huileta kwake. Leo ananiuliza mimi! Nikamwambia Gudiya, "Mwambie babu yako neno hilo halimo katika kumi zangu, lakini yeye bila shaka analijua." Akacheka, Vibha. Akacheka mpaka maji yakampalia.

Tangu siku hiyo ni kila mchana. Mimi naandika maelezo kwenye kikaratasi, nakiweka chini ya bakuli la dengu. Yeye anajibu kwa ile kalamu yake ya wino mwekundu, Gudiya ananirudishia. Akikosa hapendi. Juzi alikosa mawili, akasema dengu zilikuwa na chumvi nyingi.

Hata hivyo kuhusu ajira yako bado jibu lake ni moja: "Tutaona." Anasema mtihani ni sawa, unamweka msichana kwenye utaratibu, lakini binti wa nyumba hii kukaa ofisini Patna na wanaume kumi, tutaona. Mimi na wewe tunajua "tutaona" yake inalala wapi.

Wifi yako


Patna
15 Novemba 1991

Wifi yangu,

Nakugusa miguu. Safari hii sikutumia karatasi ya bluu inayofunguliwa na kila mtu. Nimetumia bahasha, nimeifunga, nimeandika juu yake jina lako mwenyewe, na kwa mtumaji nimeweka anwani ya tuisheni tu, ili Sukhdev akukabidhi mkononi. Baba asiione, tafadhali. Maandazi ya sikukuu ya Chhath yamefika, tumeyala yote siku ile ile. Hapo salamu ziishe.

Nimefaulu! Jina langu limo ukutani, la arobaini na moja kati ya sitini. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimekudanganya. Nilipokuandikia kwamba masomo yanaendelea vizuri, katika majaribio ya tuisheni nilikuwa napata maneno manne kati ya ishirini. Manne! Nilikuwa nalia bafuni. Siku ya mtihani nikaanza kuwaona watu wako, mjomba Bhola na ndama wake, mbuzi wa mama Lalan, mwandiko wa kaka. Nikapata kumi na saba, nina hakika.

Lakini kazi haijawa yangu bado. Tarehe 9 Desemba, saa nne asubuhi, natakiwa nionyeshe cheti changu cha darasa la kumi, chenyewe, si nakala, maana ndicho chenye tarehe yangu ya kuzaliwa. Asiye nacho siku hiyo, nafasi yake anapewa anayemfuata. Nami mwaka ujao umri unanifungia mlango. Cheti kiko kwenye sanduku la bati la Baba. Nikimwomba yeye atasema tutaona, na tarehe tisa itapita huku tunaona.

Wewe uko humo ndani. Fanya unavyojua. Nijibu upesi, wifi, sina mwingine wa kumwambia.

Vibha


Belahi
24 Novemba 1991

Wifi yangu,

Uishi sana. Sisi wazima. Mpunga umekatwa na uwanja umejaa, hata pa kukanyaga hakuna. Baba Gudiya alikuja Chhath siku tano, akala kama aliyetoka kwenye njaa ya nchi nzima, kisha akarudi. Safari hii hakusahau mwavuli, alisahau viatu.

Mbona kimya? Tangu mtihani ni miezi miwili. Kama umefeli niambie tu, hapa hakuna atakayekucheka, na atakayekucheka nitamtilia pilipili. Mimi kila Sukhdev akipita na baiskeli yake nasimama mlangoni. Wiki iliyopita nilimwona ameingia barazani na bahasha, nikaacha mikate ikiungua. Kumbe si yetu. Baba mkwe alisimulia mwenyewe wakati wa kula, kwa raha, kwamba ililetwa barua ya mwanamke fulani, Devi nani sijui, Sukhdev kazunguka kijiji kizima siku tatu hajampata, ikabidi aje kwake. Akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa Kiingereza neno moja safi, ikarudishwa. "Neno moja tu," anasema, "wino haukupotea." Ameanza kusema kama mwalimu wako.

Mchezo wetu wa bakuli unaendelea. Jana alipata yote.

Niandikie.

Wifi yako


Patna
28 Novemba 1991

Wifi,

Barua hii nampa Punam wa kijiji cha jirani. Anakwenda kwao, atapita upande wa zizi akupe mkononi. Ndani utakuta ile bahasha niliyokutumia tarehe kumi na tano. Imenirudia jana. Isome kwanza, ndipo uendelee hapa.

Umeisoma? Sasa geuza. Neno lile la wino mwekundu, "Unknown", maana yake asiyejulikana. Mwandiko unaujua. Ile K iliyojikunja mkia ndiyo iliyosaini ripoti zangu zote za shule.

Nimekaa na bahasha hii usiku na mchana. Nilianza kwa kumkasirikia Baba. Kisha nikajiuliza, mimi mwenyewe jina lako nililijua lini? Nililisoma kwenye kadi ya harusi, nikiwa na miaka kumi na minne, kisha nikaungana na wote kukuita wa Rajnagar mpaka nilipojifunza kukuita wifi. Barua yako imefika leo, nayo yasema Sukhdev alizunguka kijiji kizima. Mama Lalan, unayempa moto kila asubuhi, bila shaka naye alisema hakuna mtu huyo.

Naona aibu, wifi. Na siku zimebaki kumi na moja.

Vibha


Belahi
6 Desemba 1991

Wifi yangu Vibha,

Uishi miaka mingi. Nitakuambia yote kwa mpangilio, maana hili ukilisikia kwa mwingine utadhani ni uongo.

Punam alifika Jumatatu. Nikakaa zizini na bahasha yangu. Nisikufiche, nililia. Tena si kwa ajili ya cheti. Nililia kwa sababu nilikumbuka siku ile baba mkwe aliposimulia, na mimi nikacheka pamoja naye nyuma ya mlango. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisha nikajifuta macho nikafikiri. Kuiba haiwezekani. Ufunguo wa sanduku ameufunga kwenye uzi wake mtakatifu, uko kifuani pake mchana na usiku, hata akioga. Kaka yako yuko Jamshedpur, barua yake ingefika mwezi ujao. Basi ilikuwa lazima nimwombe baba mkwe, mimi ambaye kwa miaka kumi na moja sijapata kumwambia neno moja ana kwa ana. Siku mbili nilizunguka jikoni. Dengu ziliungua mara mbili, akala, hakusema kitu.

Jana nikaandika kikaratasi kama kawaida, nikakiweka chini ya bakuli. Niliandika hivi: "Toa neno moja. Mtu aliyeishi nyumbani kwako miaka kumi na moja, anayejua kwamba Jumanne huli biringanya na kwamba goti la kushoto ndilo linalouma, aliyemfumba macho mkeo alipokata roho, na ambaye hujapata kuuona uso wake."

Nikajificha nyuma ya mlango na ushungi wangu. Kalamu ikakwaruza. Gudiya akaniletea: ameandika neno la mama wa nyumbani. Nikaandika chini yake, "Si sahihi." Akakohoa. Likaja la pili, "daughter-in-law", yaani mkwe. Nikamwambia Gudiya, "Mwambie babu yako, hilo kwa Kiingereza ni maneno matatu, tena si sahihi."

"Gudiya," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeanza kuchoka, "muulize mama yako, neno hilo limo kwenye kamusi?"

"Mwambie halimo."

"Sasa mtu atalijuaje?"

Ndipo nikamtuma Gudiya na bahasha. Nilisikia akiigeuza. Akasoma mbele. Akageuza nyuma. Kijiko kikaanguka kwenye sinia. Gudiya hawezi kungoja, akauliza, "Babu, jibu ni lipi?"

Akamwambia, "Mama yako anaitwa nani?"

Mtoto akamjibu, "Anaitwa mama."

Vibha, sijui nguvu niliitoa wapi. Nilisema mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, bila kupitia kwa mtoto: "Sulochana." Nikashika bawaba ya mlango. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikaendelea. "Ndani ya bahasha hiyo kuna barua ya mwanao. Amefaulu. Anataka cheti chake kabla ya tarehe tisa, na mwaka kesho hawamchukui tena. Barua ilikuja kwangu, imerudishwa kutoka mikononi mwako."

Hakumaliza kula. Alinawa, akachukua fimbo, akatoka. Nikajua nimeharibu. Nilijiambia, sasa atamwandikia kaka yako kwamba mkewe amekosa adabu, na Vibha ataletewa mchumba kabla ya Januari. Alirudi giza limeingia, akakataa chakula.

Leo alfajiri nimeamshwa na mlio wa sanduku la bati. Nimechungulia. Amekaa sakafuni na karatasi zimetapakaa, za reli, za shamba, picha ya mama mkwe, na mkononi ana cheti chako. Amekifuta kwa ncha ya nguo yake. Kisha amepaza sauti kuelekea jikoni, na safari hii hakumtaja Gudiya, ingawa jina langu pia hakulitaja: "Nipikiwe mikate ya njiani. Treni ya jioni. Barua kama ipo, iandikwe sasa."

Kwa hiyo barua hii anakuletea yeye. Nimeifunga kwa gundi ya wali, na nimemwona anavyoitazama hiyo gundi. Goti lake usimpandishe ngazi nyingi. Mikate minne ya juu ni ya kwako, ya chini ni yake, ina chumvi kidogo.

Wifi yako


Patna
10 Desemba 1991

Wifi yangu,

Nakugusa miguu, na safari hii paji la uso limefika chini kabisa.

Mzee wetu mzima, goti limevimba kidogo. Jumamosi asubuhi mlinzi wa hosteli aliniita, kuna mzee hapa nje anagombana, anakataa kuonyesha mfuko wake. Nikashuka mbio. Alikuwa amesimama kwenye ukungu na ile kofia ya sufu ya reli, cheti amekizungushia taulo, taulo amelitia ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya koti. Nikainama kumgusa miguu. Akasema, "Mwandiko wako kwenye anwani umeharibika." Hayo tu. Nikasema ndiyo Baba.

Jana tulifika saa mbili kwa jambo la saa nne. Yeye hakutaka kukaa. Walipoita jina langu nikaingia, afisa akakikagua cheti mbele na nyuma, akakipandisha mwangani, akaniuliza baba aliyeandikwa humo ni nani. Nikasema ni yule mzee aliye dirishani. Maana alikuwa dirishani, wifi, ameng'ang'ania nondo. Afisa akagonga muhuri. Naanza kazi tarehe moja Februari, idara ya umwagiliaji, hapa hapa Patna!

Nilipotoka Baba aliuliza, "Wamegonga?" Nikasema wamegonga. Akageukia ukuta, akajifanya anafuta miwani. Alifuta kwa muda mrefu sana.

Baadaye kaniomba stesheni nimnunulie kadi ya posta, akatoa kalamu yake ya wino mwekundu, akaenda kukaa benchi la mbali. Nilipomkaribia aliifunika kwa mkono kama mwanafunzi. Karejea tena kwangu na swali moja tu: "Sulochana ni O mbili au moja?" Nikamwambia. Sikuona zaidi. Anataka abaki hadi Ijumaa amwone daktari wa goti, na mimi nimemkatalia asilale stesheni, amelala kwa binamu wa Punam.

Mshahara wa kwanza nakuja kukuchukua wewe na Gudiya mje mwone mto. Jibu lako si "tutaona".

Vibha


Belahi
13 Desemba 1991

Bibi karani wangu,

Uishi, ukue, kalamu yako isikauke. Hapa tu wazima. Barua yako na kadi ya baba mkwe vimefika siku moja, leo mchana.

Nilikuwa napepeta mpunga uani na mama Lalan. Sukhdev akasimama langoni, kashika kadi kwa ncha za vidole. Akapaza sauti: "Jamani, huyu Sulochana Devi tena! Mwezi uliopita amenizungusha kijiji kizima. Na leo mzee hayupo. Nimrudishe?"

Mama Lalan akaanza kumwambia, "Baba, si tulishakuambia hapa hakuna..."

Nikasimama. Nikavuta ushungi, nikaenda mpaka langoni, nikanyoosha mkono. "Ilete. Ni mimi."

Sukhdev alinitazama, akatazama kadi, akanitazama tena. Mama Lalan aliacha ungo ukamwagika. "Wa Rajnagar! Kumbe una jina zuri hivi ukatunyima?" Nikamwambia, "Hamkuniuliza." Tulicheka, Vibha, tukachekana mpaka tukakaa chini kwenye mpunga.

Kadi ilikuwa na manjano kwenye pembe, ya habari njema, na sijui mzee manjano kayatoa wapi huko mjini. Nakuandikia maneno yake yalivyo, kwa wino mwekundu, kwa ule mwandiko wake wa reli:

"Kwa Bi. Sulochana Devi, Belahi. Vibha amepokelewa kazini. Narudi Jumamosi. Sahihisho: kwenye bahasha iliyopita mikononi mwangu mwezi Novemba niliandika neno moja. Neno hilo lilikuwa kosa la karani. Lifutwe, na mahali pake pasomeke: yupo, anaishi hapa, ni wa nyumba hii. Tarakant Jha."

Maneno saba, wifi, badala ya moja. Nimeyahesabu huku nalia, na wino aliotumia siujutii hata tone.

Wifi yako,
Sulochana